Chombo Kikubwa Hubaki Juu

Mama Zaina, mke wangu,

Jana wajukuu walikuwa wakitazama hadithi ya chombo cha angani kwenye televisheni. Wasafiri walisimama penye mwanga, wakapotea, wakatokea kwenye sayari ngeni, nguo zao zimenyooka. Nikacheka peke yangu, maana nilikuwa kama nakusikia ukiguna.

Unalikumbuka daftari letu? Redio ilikuwa imetangaza kwamba watu wamefika mwezini, na shule yetu kule ndani Handeni haikuwa na kitabu chochote cha kueleza jambo hilo. Nikaanza kuwatungia wanafunzi hadithi ya safari ya kwenda kwenye nyota. Nilipochoka kufikiri namna ya kuwashusha wasafiri, niliandika: wakapotea chomboni, wakatokea ardhini. Wewe ulikuwa unapukuchua mahindi.

"Baba Zaina, wamepotea na mizigo yao? Na mgonjwa je? Mwalimu mzima unadanganya watoto!"

Tukaanza upya. Chombo kikubwa kisitue, kwa sababu kukinyanyua tena kungemaliza mafuta yote. Kibaki juu kikiizunguka sayari. Kishuke chombo kidogo chenye watu watatu na mafuta ya kurudia. Mlangoni pawe na chumba chenye milango miwili isiyofunguliwa kwa pamoja, ili hewa isitoroke. Wakichelewa kupanda, chombo kikubwa kitakuwa kimeshapita upande wa pili, nao itabidi wangoje kizunguke tena. Kwa hiyo washuke na maji na chakula cha akiba.

"Kama treni ya Mnyuzi," ulisema. "Haiingii shambani kwa mtu. Unaifuata stesheni."

Tena ukashikilia kwamba lazima mmoja abaki juu, anayewajua wote kwa sura, asiondoke mpaka amewaona wamerudi. Hilo niliandika kukuridhisha tu.

Halafu ukaja mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa mwandishi wa kamati, na niliamini kwa moyo wote kwamba tukikaa pamoja tutapata shule, zahanati na maji. Bado naamini. Mama yako alikuwa anaumwa miguu, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya korongo, mahali lori la uhamisho lisipofika. Ukabaki naye.

"Mwambie dereva arudi kesho asubuhi," uliniambia. "Tutakuwa tumemfikisha njiani."

"Usiwe na wasiwasi," nikajibu.

Mchana ule msimamizi wa uhamisho alitaka orodha. Vitanda vyetu vilikuwa vimeshashushwa Kabuku, kijiji chetu kipya, na mimi mwenyewe nimesimama pale. Alama ilikuwa moja kwa kaya nzima. Nikaiweka: wamehamia. Nilipokumbuka kwamba ninyi bado hamjachukuliwa, lori lilikuwa limeshapelekwa kuhamisha watu wengine, na niliona haya kumwambia msimamizi kwamba orodha ya mwalimu ina kosa.

Mlikaa kando ya njia siku mbili. Mwishowe kaka zako wawili walimlaza mama kwenye kitanda cha kamba wakambeba mpaka Kabuku. Nilikimbia kuwapokea. Midomo yake ilikuwa imekauka, lakini alinisemesha yeye kwanza: "Pole na kazi, mwanangu." Wewe ukauliza lori liko wapi. Nikasema liliharibika.

Uliniamini. Ulimwonea huruma hata dereva, ukawa unawaeleza majirani jinsi magari yale yalivyochoka. Mama aliishi nasi misimu mitatu ya mvua, miguu yake haikumbeba tena, na kila alipotaka kutoka nje nilimbeba mimi. Ukawa unanisifu mbele za watu kwamba hakuna mkwe kama mimi. Nami nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni adabu.

Nimeeleza mengi darasani na nyumbani, kwa subira, mpaka mnyonge wa hesabu akaelewa. Hili moja sikuwahi kukueleza, nawe umeondoka duniani ukiwa na neno langu la uongo. Pumzika, mke wangu, ila usiendelee kumhurumia dereva. Lori lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyeandika kwamba mmefika.

Mumeo,
Baba Zaina