Rangi za Kadi za Dada Kabula

Jumamosi, baada ya chakula

Lakini kwa nini nilimcheka? Ningeweza kusema tu kwamba zambarau ingependeza zaidi.

Dada Kabula alinunua vidau viwili vya wino wa muhuri huko Tinde, cha rangi ya chungwa na cha kijani, kwa ajili ya kadi za harusi yake. Mihuri ya ua na jani niliichonga mimi kutoka kwenye soli ya kandambili iliyochakaa. Alipogonga kadi ya kwanza nikasema mbele ya shangazi zetu, "Dada, hii ni harusi au jezi ya timu?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Dada akafunika vidau. "Haya, chagua wewe. Wewe ndiye uliyesoma."

Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana inauma. Kupatanisha rangi nimefundishwa shuleni, na ada yangu inatoka kwenye maandazi anayowauzia wachimbaji wa dhahabu kule Segese tangu alipoacha shule yeye.

Sasa hivi nimegonga kadi moja peke yangu: ua la chungwa, jani la kijani. Si mbaya. Hapana, ni nzuri. Imechangamka kama yeye.

Kesho nitamwomba radhi mbele ya shangazi haohao. Halafu nitamshikia karatasi, agonge mwenyewe.