Jiwe Si Nyumba ya Mtu

Jumapili, Agosti 1996. Nyumbani, Homa Bay. Jua limewaka tangu asubuhi, na sasa ndio upepo unaanza kupoa.

Hili sijawahi kumwambia mtu: lile Jiwe Jeusi nyuma ya boma letu nimelipanda. Sisemi kulizunguka kwa nyuma wanakopita mbuzi. Nimelipanda usoni, miguu peku, hadi juu kabisa, na si mara moja.

Haya, nimeliandika.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo ni lugha ya Dani, bibi yangu, na nikikiandika nahisi anachungulia juu ya bega langu, ingawa hajui kusoma. Kiingereza nacho ni cha shule, kule Migori, cha insha na cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kiswahili si cha mtu hapa nyumbani. Ndani yake naweza kuongea.

Na leo nataka kuongea, maana leo ilikuwa siku ya Waya Akinyi.

Waya ni dada yake Baba. Kazi yake ni kupanda kuta. Anaishi Ufaransa, na huko kuna mashindano ndani ya kumbi kubwa, kuta za mbao zimeinamia mbele kama zinataka kukuangukia, zimefungwa vishikio vya plastiki vya kila rangi, na watu wamekaa chini wakitazama nani atafika juu zaidi. Jirani yetu Okelo aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Shemeji," alimwambia Waya, "hapa kwetu anayepanda ukuta anapigiwa nduru. Huko wanampigia makofi?"

Waya alimjibu kwamba tofauti ni viatu tu.

Dani akiulizwa kanisani binti yake anafanya kazi gani, hujibu, hotelini. Si uongo wote. Waya alianza kwa kuosha sahani kwenye kambi ya watalii upande wa Naivasha, wanakokwenda wazungu kupanda majabali. Siku moja wakamfunga kamba ili wacheke, akapanda na aproni yake, akawapita. Hawakucheka. Mmoja wao, mama Mfaransa, ndiye aliyemfungulia njia ya kwenda huko.

Waya hajawahi kuwa wa kwanza. Nilimuuliza wiki hii, nikiwa naangalia chini kama kawaida yangu, kama hilo linamuuma. Akasema kwenye mashindano yao karibu kila mtu huanguka. Anayeshinda ni yule aliyeanguka akiwa juu kuliko wenzake. Nimelitafuna neno hilo siku nzima. Mimi nilidhani kuanguka ni kuanguka.

Vidole vyake vimevimba kwenye viungo kama tangawizi. Bega la kulia halimpi usingizi. Huu ni mwaka wake wa mwisho. Akirudi huko atapanda shindano moja, basi. Na kwa miaka yote hiyo mama yake mzazi hajawahi kumwona akipanda hata mara moja. Hajawahi kutaka.

Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Ni mwiko. Ukiuvunja unaleta chira, ile balaa inayokula boma polepole. Dani alikuwa akisema kwamba mwanamke anayeshinda juu ya kuta hawezi kukumbuka paa ni nini. Na vitu vya Waya vilimkera. Viatu vyake vinambana vidole makusudi, Dani akauliza kama duka lilikosa saizi ya watu wazima. Ule unga mweupe anaojipaka mikononi ili isiteleze, Dani aliunusa, akasema heri ungekuwa wa ugali.

Basi Jumatano upepo wa ziwani uliinua bati la nyumba ya Dani. Baba alikuwa kazini. Bati linagonga, linagonga, na Waya amesimama pale uani. Angeweza kufika juu kabla sijatamka jina lake. Hakuguswa na kishawishi. Alingoja mpaka jioni, Baba akarudi, na yeye akashika ngazi. Mwanamke wa kuta za Ulaya ameshika ngazi chini, na kaka yake juu anatetemeka mpaka misumari inamponyoka.

Dani aliona yote kutoka mlangoni.

Jana ilikuwa Sabato, tulishinda kanisani. Leo asubuhi, kikombe cha chai mkononi, Dani akasema polepole, kama mtu aliyekuwa na kesi kichwani na sasa anatoa hukumu: "Paa ni la mwenye nyumba. Jiwe si nyumba ya mtu. Nipelekeeni kiti."

Waya aliweka mkate chini. Hakuumaliza.

Alitaka iwe kama mashindano ya kweli. Jiwe Jeusi hajaligusa tangu aje. Wiki nzima alikuwa akipanda mawe madogo ya kando na kunifundisha kushika kamba. Alitueleza kwamba huko kwao mpandaji hukaa chumbani peke yake asione wenzake wakipanda, na hakuna ruhusa ya kumwambia lolote. Anapewa dakika chache kuusoma ukuta kwa macho, kisha anapanda mara moja tu. Ukianguka umemaliza. "Leo hivyohivyo," akasema. "Nikianguka, nashuka, na Mama atakuwa ameona hapo nilipofika."

Kwa hiyo alikaa chini ya mti na mgongo ameligeuzia jiwe, huku Baba akizunguka nyuma kufunga kamba kwenye mti ulio juu, na Dani akihamisha kiti mara tatu kukwepa jua. Mimi nilikuwa na ncha ya pili ya kamba kiunoni, nimzuie Waya akianguka. Shuleni wananiita Gunia, kwa sababu ya mwili wangu. Waya alisema hajawahi kupata mshika kamba aliyesimama imara hivi. Ni mara ya kwanza mwili huu kusifiwa.

Aligeuka, akalitazama jiwe. Mikono yake ikaanza kutembea hewani, kushoto, kulia, kama anayekama ng'ombe asiyeonekana. Nikaona kwamba hakulisoma vizuri. Pale penye kitumbo, jiwe linapotokeza nje, alipeleka mkono kulia. Kulia hakuna kitu. Mimi najua.

Ningesemaje?

Akapanda. Siwezi kuandika namna alivyopanda. Nimezoea kuona watu wakipanda kwa nguvu, wakipigana. Yeye alikuwa kama anaingia ndani ya nyumba yake mwenyewe, anajua kila mlango. Okelo aliyekuja kutania alisahau kutania. Nilijivuna, kwa maana huyu ni shangazi yangu, na kamba yake iko mkononi mwangu.

Kisha akafika kwenye kitumbo.

Mkono wa kulia ukapapasa. Ukarudi. Ukapapasa tena. Mguu wake ukaanza kucheza kama cherehani. Akabadilisha mikono, akaipaka unga, akapapasa palepale. Najua mikono inavyochoka pale. Inajaa moto, halafu inafunguka yenyewe, hata ukiiambia isifunguke. Mimi sikuwa na kamba nilipojifunza hilo.

Nikisema, nimevunja sheria yake. Nikisema, kila mtu atajua nimejuaje. Nisiposema, Dani ataondoka na kiti chake akiwa amemwona binti yake akianguka, na hatakuja mara ya pili. Ninamjua Dani.

Sikuwa na ujasiri. Naomba iandikwe hivyo. Dani ndiye aliyeniokoa, kwa sababu alikuwa ameacha kumtazama Waya, sasa ananitazama mimi.

"Adhiambo," alisema kwa Kijaluo, bila kupaza sauti. "Mbona macho yako yako kushoto?"

Wote wakanigeukia. Baba kule juu akachungulia.

"Sema, nyathina," Dani akasema. Mwanangu.

"Waya, kushoto," nikasema. Ilitoka sauti ambayo siijui, kubwa. "Chini ya yale majani. Kuna tundu la vidole viwili."

Waya alicheka kule juu, kifua kikigonga jiwe. "Ulaya ningetolewa sasa hivi," akasema. "Bahati yangu niko nyumbani." Akapeleka mkono kushoto, chini ya majani, akazamisha vidole viwili vya tangawizi, na mwili wote ukapita kile kitumbo kama uzi kwenye sindano. Pale mwishoni alihangaika tena kidogo. Halafu akakaa juu, miguu inaning'inia.

Okelo alipiga makofi. Dani hakupiga. Aliinuka, akalisogelea jiwe, akaliwekea kiganja kama anayepima joto la mtoto.

"Kumbe ni kazi," akasema. "Nilidhani ni mchezo. Sasa wakiniuliza, nitawaambia."

Waya alishuka, na mama yake akamshika ile mikono, akavitazama vidole kimoja kimoja, akampangusa unga kwa leso yake. Sikuweza kuendelea kuangalia. Nikajifanya nakunja kamba.

Tulipokuwa tunarudi Waya aliniuliza, taratibu, nimefika wapi kwenye lile jiwe.

"Hapo tu kwenye tundu," nikamjibu.

Alinitazama vidole vya miguu, makovu yake. Akasema siku nyingine nisijaribu bila kamba, nikaitikia. Hakuuliza zaidi. Na mimi sikutaka siku ya Waya iwe na mtu mwingine juu ya lile jiwe. Hiyo ndiyo sababu ya uongo wangu. Lakini kuna kitu kingine pia, na kinaniaibisha kukiandika: najivuna. Si kwa ajili yake peke yake.

Nasikia nyayo uani. Ni ndala za Waya, mguu mmoja unakanyaga kwa nguvu kuliko mwingine. Siku zote nikisikia mtu karatasi hizi huingia chini ya godoro kabla hajafika mlangoni.

Leo ziko hapa mezani. Nitatoka kama naenda kuchota maji, na kalamu nitaiacha juu yake.

Waya, kama umesoma mpaka hapa: pale mwishoni ulipita kulia, ndiyo maana ukahangaika. Pita kushoto. Mimi hupita kushoto.