Bwawa Ambalo Halikuvuja

Mpendwa mshauri,

Nimelificha jambo hili miaka kumi na tisa, na sasa kwa kuwa daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi kliniki, naomba unisaidie kulitoa: bwawa la bustani yangu halikuwahi kuvuja.

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, nikastaafu nikiwa mkaguzi wa shule, mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mimi nikataka kitu cha kuwaonyesha majirani, nikamwita fundi mmoja kijana waliyembandika jina la Timazi, kwa kuwa hakuanza kazi yoyote, hata ya kupachika bawaba, kabla ya kuning'iniza timazi lake, ule uzi wenye kipande cha chuma wa kupimia kama kitu kimesimama wima, naye akanijengea bwawa la mviringo mbele ya baraza, upana mita mbili, na katika ile miezi miwili ya kuja na kuondoka, yeye na binti yangu wa pekee wakapendana, nami nikaukubali uchumba, kwa mdomo.

Chemchemi ya kurusha maji katikati ya bwawa nilisema nitaichagua mwenyewe. Dukani nikachukua pampu ambayo boksi lake lilionyesha maji yakiruka mita tatu, kwa sababu maji ya jirani yaliruka moja na nusu. Timazi akaligeuzageuza lile boksi, akasema mbele ya shemeji zangu waliokuja kunywa chai, "Mzee, bwawa la mita mbili linataka maji yaruke mita moja, yasizidi. Yakizidi hapo upepo unayabeba." Nikamwuliza amesomea chuo gani mwendo wa vitu vinavyorushwa. Shemeji zangu wakacheka. Naye akacheka kidogo, akaiweka pampu juu ya matofali mawili isivute tope, akaunganisha waya, akaenda zake.

Maji yaliruka kweli, majirani wakaja kutazama, na kila asubuhi bwawa lilikuwa limepungua kiganja kizima. Nikasema linavuja, na linavuja kwa sababu saruji imeibwa. Nililisema hilo sebuleni kwangu mbele ya wazee wa Timazi waliokuja kupanga siku ya harusi, nikaongeza kwamba anayemwibia mkwewe mtarajiwa hatashindwa kumwibia mkewe. Timazi hakubishana. Aliomba kitu kimoja: "Zima pampu siku tatu, mzee, halafu tupime." Nikamjibu kwamba sifundishwi kupima ndani ya nyumba yangu. Uchumba ukafa palepale, maneno yakaenea, hakuna aliyempa tena kazi hapa mjini, akahama, na binti yangu akangoja neno lake mwaka mzima bila kulipata.

Wiki moja baada ya kile kikao nilizima pampu. Nikachora mstari wa penseli kwenye ukuta wa bwawa, nikangoja siku tatu. Maji yalishuka unene wa kucha, kazi ya jua. Nikaufuta mstari kwa kidole gumba.

Binti yangu ana miaka arobaini na sita. Hakuolewa. Ndiye anayenilisha na kunigeuza kitandani, na mara nyingine husema kwa utani kwamba nilimwokoa na mwizi, ila mwizi mwenyewe alikosa hata adabu ya kumuaga. Nimewaza kuandika yote haya kwenye karatasi ifunguliwe nikishazikwa, kwa sababu naogopa atanichukia nami bado namhitaji. Je, si bora hivyo?

Mimi, mwalimu mstaafu.

JIBU

Mzee wangu,

Pole kwa maradhi. Pole yangu inaishia hapo.

Unauliza kama si bora. Kwako ni bora sana. Leo upate mikono yake, na hasira zake azipeleke kaburini kwako usipokuwepo kuzisikia. Hiyo si toba, mzee, ni kutoroka zamu. Mwanao ataligombeza jiwe?

Usiniambie ulikosea. Kukosea ni kuchagua pampu kubwa kwa ajili ya kumkomoa jirani. Wajinga wengi hufanya hivyo, na wenye vyeti zaidi yao. Lakini wewe ulipima. Ulipata jibu, ukaliona kuwa ni la fundi na si lako, ukalifuta. Mwanafunzi wako angefanya hivyo ungemtoa nje ya darasa. Wewe ulijipa miaka kumi na tisa ya kukaa kiti cha mbele.

Nakuelewa kidogo, nisiseme uongo. Mtu aliyefiwa na mkewe, kisha akaachwa na kazi mwaka uliofuata, hushikilia chochote kinachomfanya aonekane mkubwa. Ila ulichoshikilia wewe kilikuwa shingo ya kijana wa watu.

Sasa sikia. Mwite binti yako leo mchana. Mwambie aketi, asiwe na bakuli wala taulo mkononi. Anza na kosa, usianze na ugonjwa. Usilie kabla yake. Akitoka nje, mwache atoke; ana haki ya kuchelewa kurudi siku moja katika maisha yake. Kisha itafutwe namba ya Timazi, umpigie wewe mwenyewe, useme bwawa halikuvuja na saruji haikuibwa. Usimwombe akusamehe, hiyo ni kumpa kazi nyingine ya bure. Usiote kufufua harusi pia. Mwishoni waite shemeji zako, na wazee wake walio hai, katika sebule ileile, ulirudie neno hilo bila kuzungusha. Na kama ile pampu ipo, ing'olewe, iwekwe ya mita moja.

Jambo la mwisho. Mtu asiyepachika bawaba bila timazi, aliyetukanwa na bado akaomba kipimo, aliondoka hivihivi, asimtafute mchumba wake hata mara moja? Nasoma barua za watu kila siku, mzee. Yako ina ukurasa uliokosekana. Ukimwita binti yako, anza na huo.

BARUA YA PILI

Mshauri,

Nilimwita jana. Aliketi. Nilianza na ukurasa ulioutaka, na wewe pia unastahili kuusoma.

Timazi alirudi, miezi minane baadaye. Alikuja na mwiko na mfuko wa saruji aliyonunua mwenyewe, akasema atalibomoa bwawa alijenge upya bila malipo mbele ya macho yangu, na kama bado nina shaka basi nimpe hata dakika tano tu aongee na binti yangu. Nilizungumza naye getini, kwa sauti ya chini. Nilimwambia ameshaolewa. Binti yangu alikuwa jikoni, ananipikia chakula cha mchana.