Kwa Odhiambo, Niliyemzibia Njia ya Kujenga

Ndugu yangu Odhiambo, wewe uliyenyonya titi nililoliacha mimi,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Karani pale posta alitaka kuniandikia, nikamwambia aweke kalamu chini, mimi nilisoma miaka miwili na bado nakumbuka yote. Herufi zikilala, zisome hivyo hivyo zikiwa zimelala. Yaliyomo humu sikutaka karani ayasikie.

Unakumbuka Jumapili ile tulipopanda kwenye bustani ya mlimani? Uhuru ulikuwa bado mpya, na manispaa ilikuwa imeweka mabenchi na maua ndani ya zile kuta za mawe za watu wa kale, ambazo sisi huziita ohinga. Tulitoka Nyalenda kwa miguu, mimi mbele na koti langu la kijivu, wewe nyuma, na Akinyi mkeo na mtoto mgongoni. Watu njiani walinisalimu mimi kwanza. Nani Kisumu hakunijua? Miaka ile hakuna ukuta wa maana uliosimama mjini bila jiwe la mkono wangu.

Pale juu tuliona ziwa, bandari, meli ikipakia, na milima ya Nyakach mbali kule. Mimi nilikuwa natazama mawe. Wewe ulikuwa unatafuta Pap Onditi, nyumbani. Haikuonekana, lakini ulinyoosha kidole pale pale ilipo.

"Omera, ndugu yangu mkubwa," ukasema, "utajenga lini?"

Nilijua unauliza nini. Kwetu mdogo hafungui boma lake kabla ya mkubwa. Akimpita, laana inaingia, ile chira, na watoto wanakonda mpaka wanaisha. Na mimi nilikuwa sijajenga. Desturi ilinitaka nianze na nyumba ndogo ya nyasi, ijengwe siku moja, tulale humo siku hiyo hiyo. Nilikataa. Fundi wa mawe alale kwenye nyasi? Watu waseme nini?

"Nitajenga ya mawe," nikakujibu. "Kama hizi kuta. Ngoja."

"Nimengoja miaka minne."

"Ngoja wa tano."

Akinyi akacheka, kicheko kikavu. "Shemeji, tutazeekea chumba cha kupanga, na hizo kuta zako bado ziko mdomoni."

Hayo maneno yalinichoma. Nikasema kuta hizi hazina saruji wala udongo, zimekaa kwa akili tu, na mimi naweza kuchomoa jiwe na kulirudisha, hata waliozijenga wasitambue. Ukaniambia, "Mkubwa, acha." Nikachomoa. Nilichomoa jiwe lililobeba mengine yote. Kosa hilo hata mtu wa kubeba maji kwenye mjengo halifanyi. Ukuta ukanguruma, ukamwagika kuteremka mlima, na jiwe moja likapita karibu na mguu wa Akinyi. Mtoto akapiga kelele.

Askari wa bustani akaja mbio na rungu. "Nani ameangusha? Sema haraka! Hii ni mali ya serikali!" Akanitazama, akatazama mikono yangu. "Wewe mzee si ndiyo fundi?"

Nikamwambia, "Ni huyu mdogo wangu. Alipanda juu."

Hayo ndiyo sikutaka karani ayasikie.

Ulinitazama. Nilijua hutasema kitu. Kwetu mdogo hamkanushi mkubwa mbele ya wageni, na mimi niliegemea hapo. Akinyi alifungua mdomo, wewe ukamshika mkono. Askari akakukamata shati, akakuteremsha mlima mbele ya watu waliovaa nguo za Jumapili. Ulilala kituoni siku mbili. Mimi nikabaki kuupanga ukuta upya, na watu wakasimama kunisifu. Sifa hizo nilizipokea, Odhiambo. Nilizipokea zote. Ulipotoka hukunigombeza. Ulisema tu, "Basi baki salama, mkubwa," mkafunga mizigo, mkaenda Asembo Bay kwa wakweo.

Miaka tisa sasa. Kila mwaka nilisema nakusanya mawe. Kweli niliyakusanya. Rundo liko nyumbani, kenge wanakaa ndani.

Mwezi jana mama mmoja wa Asembo, anayeuza samaki katika soko la Kibuye, aliniambia bado unakaa kwenye shamba la baba mkwe, na watu wa huko wanakuita jadak, mtu wa kukaribishwa tu, asiye na ardhi yake. Akasema kifua kinakusumbua. Akasema wazee wameanza kuulizana, huyu akifa tutampeleka wapi, mtu asiye na boma? Niliacha samaki niliyekwisha kumchagua juu ya meza yake, nikaondoka.

Ijumaa nilikwenda Pap Onditi. Baba mdogo alitangulia kutuongoza kama desturi inavyotaka, mwanangu wa kwanza akabeba jogoo na shoka, mama watoto akabeba moto. Nyumba ya nyasi ilisimama kabla jua halijazama. Ni nzuri kuliko zote za upande ule, usibishe. Lakini ilivuja, na mimi nililowa mpaka asubuhi. Kulipokucha niliwaambia wazee, kwa mdomo wangu, nani aliangusha ukuta ule. Baba mdogo hajaongea na mimi tangu siku hiyo. Lakini siku yako ya kujenga atakuja kuongoza, ameapa.

Sikuombi unisamehe. Kuomba sijui, na wewe unajua sijui. Lakini usife huko, Odhiambo. Mvua ndefu iko karibu, na ardhi ikishalowa nguzo hazitashika. Uwanja wako uko kushoto kwa wangu. Nimeufyeka mwenyewe, sikumpa mtu panga. Akinyi akikataa kuja, mwambie shemeji yake amelala kwenye nyasi. Mwache acheke.

Mimi nimekwisha kulala ndani. Hakuna mtu mbele yako tena. Pita.

Ni mimi,
mkubwa wako.