Soksi za Mbwa wa Neema

Jumatatu, 9 Februari
Maharage yameiva. Joto la Toongabbie, mtaa wetu huku kusini kabisa ya dunia, linaua, feni inazungusha hewa ya moto tu. Nimempigia Neema, hapokei. Mjukuu niliyembeba mgongoni kwenye kambi ya wakimbizi leo yuko kaskazini kabisa ya Norwei, anaandaa mashindano ya mbwa. Mbwa wanavuta gari lisilo na magurudumu kwenye theluji, siku na siku, mtu mzima kasimama nyuma. Aibu.

Jumanne, 10 Februari
Kapiga. Maneno yote mbwa. Kituo gani kipelekewe nyama, kipi hakina nyasi za kulalia, daktari wa mbwa akae wapi. Halafu kageuka akaita, "Mama!" Anamwita Ingrid, mama mkwe wake. Mama yake mzazi alipofariki, nani alimlea? Ingrid?

Nina wivu. Ndiyo, wivu.

Ingrid anawashonea mbwa soksi, barafu isiwachane nyayo. Neema anamsifu weee. Eti zinahitajika nyingi, njiani zinachomoka zinapotea. Mimi sina cherehani?

Jumamosi, 14 Februari
Nashona. Kitenge juu, nailoni ngumu chini, lastiki mdomoni. Nimeikaza hasa. Kambini tulijifunza: kilicholegea kesho si chako.

Mama Furaha wa mtaa wa pili, Doonside, kaja, kacheka mpaka kamwaga chai. "Bibi, wajukuu zangu wanatembea pekupeku, wewe unavalisha mbwa?"

Nimemwambia afute meza.

Soksi za Ingrid nyeusi tupu, kama za msibani. Zangu zikifika atajua fundi nani.

Jumatatu, 16 Februari
Posta. Zimekwenda.

Jumapili, 1 Machi
Zimefika. Neema kaanza kwa kunibembeleza, nikajua kuna jambo. Lastiki inabana mno. Kwenye baridi ile mguu ukibanwa damu haipiti, mbwa anaweza kuupoteza. Mashindano ni wiki hii, soksi hazitoshi. Kwa hiyo Ingrid kakaa anafumua lastiki zangu, moja moja, anatia zake.

Ingrid.

Kanisani nilikwenda, sikuimba. Chakula sikutaka. Bora wangezitupa kuliko kupita mikononi mwa yule mwanamke. Sasa Neema ataona mimi mzee nisiyejua kitu, na mama anaye huko huko.

Alhamisi, 5 Machi
Wameanza. Neema katuma picha. Mbwa wa mbele kavaa kitenge changu, miguu yote minne. Kapendeza, mjinga yule.

Pembeni Ingrid. Nimemkagua vizuri. Mzee kuliko mimi. Vidole vimefungwa plasta. Neema kaandika kwamba ni kwa kufumua, na Ingrid kasema, "Mishono ya bibi yako haitaki kufunguka."

Nashona mara mbili mbili. Nimeusoma ujumbe ule tena na tena. Namchukia, lakini kasema kweli.

Jumapili, 8 Machi
Mvua. Joto limepungua. Mbwa wote wamefika, miguu mizima. Neema kapiga, sauti imemkauka, akasema, "Bibi, nimechoka, niimbie." Nikamwimbia wimbo ule wa kumlaza kambini. Kalala simu ikiwa wazi. Ingrid ndiye aliyeizima.

Kitenge kilibaki. Nimekata glavu, ndani blanketi. Saizi ya mkono wake wenye plasta nimeikadiria kwenye picha.

Simpendi bado. Lastiki nimeilegeza.