Chuma cha Moto Milimani Hatta

Mdogo wangu Redempta,

Nakusalimu wewe na shemeji. Vipi magoti ya Mama, bado anapanda shamba la juu au amekubali kutulia? Mimi mzima, ila mkono wa kulia umevimba, na sababu utaisoma humu.

Uliniomba nimtafutie mwanao Neema kazi za ndani hapa Mirdif ninapoendesha gari. Jibu ni hapana. Na usinitajie tena binti wa jirani aliyewajengea wazazi wake nyumba. Mnaona bati linang'aa, hamuulizi aliyelituma analala wapi. Nisikilize kwanza, kisha ukasirike.

Ijumaa iliyopita Sir, yaani bosi wangu Mwarabu, aliipeleka familia yake kupumzika milimani Hatta, mwendo wa saa moja na nusu. Zuhura, dada wa Tanga anayewapikia, alikaa nyuma kabisa na masufuria miguuni. Mapumziko yao ni kazi yetu. Usifikirie Uluguru: huko ni mawe matupu ya kahawia, na kijito chembamba bondeni. Lakini hewa ilikuwa baridi, nami nilifurahi, sikatai.

Mdogo wake Sir alinunua mbuzi njiani. Zuhura alipowasha mkaa, yule bwana akanitupia kisu. "Yalla, haraka, chinja!"

Nikamjibu kwa adabu, "Sir, mimi Mkristo. Kwetu kisu tunamwachia Mwislamu, ili kila mtu ale." Wewe unajua, hata kwenye harusi yako tulimwita jirani Mwislamu atuchinjie. Kwangu ile ni heshima. Yeye aliona dereva amekataa amri. Akanizaba kofi mbele ya watoto.

"Nimetaka nyama, sikutaka mahubiri!"

Zuhura akacheka, akasema kwa Kiswahili, "Si achinje mwenyewe? Au mikono yake ni ya kupigia watu tu?"

Maneno yule bwana hakuyaelewa. Kicheko alikielewa. Akachomoa chuma cha kuchokolea mkaa, chekundu nchani, akampiga nacho Zuhura mkononi mara mbili. Ngozi ilibaki kwenye chuma. Nami nilimpiga yule bwana mdomoni, Redempta. Akaanguka kwenye mawe, nikamfuata chini nikampiga tena, hadi Sir aliponiburuta kwa shati. Sijutii. Anayetaka kunihubiria subira aje kwanza aushike mkono wa Zuhura.

Njiani kurudi, Sir alisema polepole, "Zuhura aliangukia jiko. Ukisema hivyo hospitali, ndugu yangu atasahau ngumi zako. Khalas, yameisha."

Daktari alimuuliza Zuhura kwa Kiingereza, naye hakijui. Ikabidi nitafsiri, Sir kasimama mlangoni. Nikaogopa, sitakuficha. Nikamuuliza Zuhura, "Dada, niseme nini?"

"Makubwa haya! Kila siku unanihutubia haki za wafanyakazi mpaka wali unaungua, leo ndiyo unaniuliza mimi?"

Nikaeleza yote. Daktari akaita polisi.

Sasa nimejihifadhi Deira, kwenye chumba cha Wakenya wawili. Pasipoti yangu anayo Sir, kwani ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi. Kesho asubuhi polisi watanihoji juu ya mkono wa Zuhura na juu ya meno ya yule bwana. Nikisema ukweli, nakiri na kosa langu. Naweza kufungwa, naweza kurudishwa. Wenyeji wangu wananisihi nigeuze maneno. "Mzee, sema tu dada aliangukia jiko, la sivyo utakula wapi?" Nimewatukana wote wawili, kisha nikawaomba radhi, maana nimelala kwenye godoro lao. Lakini Zuhura hana shahidi mwingine.

Mpe pole Mama, habari ya chuma usimsomee. Msalimie shemeji, na mjomba seremala, na yule shangazi anayesema nina mdomo mrefu. Mwambie safari hii hakukosea. Neema arudi darasani, hata akininunia mwaka mzima.

Polisi wakiniuliza mara kumi, nitajibu vilevile mara kumi.

Kaka yako mkaidi,
Gervas