Doa Kwenye Picha, na Kibodi ya Bi Tatu

Hapana, sikubahatisha, na kwa mganga sikwenda. Niliangalia picha tu. Kila anayepita mezani kwangu leo ananiuliza hilo hilo, kwa hiyo naliandika hapa mara moja, niupumzishe mdomo.

Leo Jumanne. Tabora jua linawaka kama limelipwa, upepo unabeba vumbi la stendi na kulimwaga juu ya chaja zangu, na mimi nacheka peke yangu. Jirani yangu muuza viatu kaniuliza kama nimeongeza mke.

Sijaongeza mke. Nimeshinda mnada.

Kwa wewe mgeni wa hapa: naitwa Sadiki, nauza chaja, spika na vifaa vya kompyuta vya mtumba. Shule niliishia darasa la tano, la sita nilichungulia dirishani tu. Mwaka jana ndipo nikagundua kwamba huko duniani kuna watu wanapenda kibodi, hizi za kuchapia kwenye kompyuta, kama watu wa mtaani kwetu wanavyopenda njiwa. Wanajua mpaka ukoo wake. Wanazitaka zile nzito za zamani, zenye springi chini ya kila kitufe, ukibonyeza inalia kaa. Zinanadiwa mtandaoni. Unaweka dau, mwenzako anapandisha, muda ukiisha aliye juu anachukua.

Na wauzaji wake wana maneno. Haijajaribiwa. Inauzwa kama ilivyo. Ilikuwa ya babu yangu. Kila muuzaji ana babu.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo maneno nayaruka, naenda kwenye picha. Hilo nilifundishwa na tumbaku. Zamani nilifunga mizigo ya tumbaku kwa mjomba wangu Urambo, nikaona watu wanavyofanya: majani mazuri nje, mabovu katikati. Mnunuzi mjanja hasikilizi hadithi, anaingiza mkono mpaka kati. Sasa kwenye picha mkono hauingii. Inabidi liingie jicho.

Lakini acha niungame.

Kibodi ya kwanza niliyoiagiza ilikuwa ya Bi Tatu, mpiga chapa wa pale karibu na mahakama. Ukitaka barua ya kiwanja, ya mirathi, ya kuomba kazi, unakwenda kwake. Alijifunza kwenye mashine ya chapa, ile ya chuma, kwa hiyo anapiga herufi kama anatwanga kisamvu. Hizi kibodi laini za siku hizi ameshaua nne. Anasema hazimjibu. Akibonyeza hasikii kitu, hajui herufi imeingia au haikuingia, anarudia, na barua inajaa makosa.

Nikampelekea moja nzito, safi, inang'aa. Ikamjibu vizuri sana. Ila ilitoka nchi ambayo Z na Y wamebadilishana viti. Mimi sikuona, macho yangu yalikuwa kwenye bei; kompyuta ilipouliza ifuate herufi za kibodi ipi, nikaijibu za hii. Na Bi Tatu haangalii vidole wala kioo, anaangalia karatasi ya mteja, na siku hiyo miwani aliisahau nyumbani. Barua ya mzee mmoja kuhusu nyumba yake ikafika ofisi ya kata imeandikwa nzumba kuanzia juu mpaka chini. Nzumba yangu. Nzumba ya urithi. Karani akamuuliza mzee hicho ni Kisukuma cha wapi.

Tangu hapo mimi ni Bwana Nzumba. Stendi nzima. Nyumbani pia, mke wangu akikasirika.

Kuchekwa nilizoea. Kilichoniuma ni Bi Tatu. Wateja walianza kuvuka barabara kwenda kwa vijana wenye printa ya rangi. Siku moja akaniita, akaniambia taratibu, bila hasira, kwamba atajaribu moja tu tena. Hiyo ikishindikana anafunga meza, anahamia Bukene kwa binti yake kulea wajukuu.

Angenitukana ingekuwa nafuu. Mtu aliyeandika barua za nusu ya mji huu, aondoke kwa sababu yangu mimi?

Ndipo ikatokea hii. Picha tatu, zote mbaya. Kibodi ya rangi ya chai ya maziwa, ina vumbi, imelazwa juu ya zulia. Vitufe vingine vinang'aa kwa kusuguliwa. Maelezo yanasema haijajaribiwa. Watu wa mnada wameikimbia, dau limelala.

Nikaivuta picha kwa vidole viwili. Vinavyong'aa vilikuwa vya namba tu, lile fungu la kule kulia. Upande wa herufi ulikuwa mkavu, umefifia, kama kitu kilichoshikwa na vumbi kabla hakijashikwa na mkono. Nikajua, hii ilikuwa ya duka. Mwenye duka haandiki barua, anapiga namba kutwa. Springi za namba zimechoka, za herufi zimekaa tu zinasubiri kazi. Na Bi Tatu lile fungu la kulia hata haligusi. Namba anazipiga safu ya juu, kwa mazoea ya mashine yake ya chuma.

Likabaki jambo moja. Waya wa kibodi ulikuwa umelala juu ya kitufe kilicho jirani na T, palepale ninapotaka kuona amekaa Y au amekaa Z. Nikamwandikia muuzaji, simu ikanitafsiria, anipe picha nyingine. Akanitumia picha ya kibodi imelala kifudifudi. Nikamshukuru, nikamwomba tena. Kimya.

Mnada unafungwa saa tisa mchana, na saa nane na nusu hiyo imepita.

Nikamwachia muuza viatu meza yangu, nikakaa nyuma ya kibanda chake penye kivuli. Nikawaza: hawa wawili hubadilishana viti, basi kama Z hayuko juu, yuko kule chini kushoto, kwenye kona. Nikaivuta ile kona mpaka picha ikageuka miraba. Herufi ikawa doa. Nikaliangalia mpaka jicho likatoa chozi. Mara naona Z, mara naona Y. Yaani naona ninachotaka kuona, na hapo ndipo watu huliwa.

Nikachukua boksi la viatu. Nikaandika Y na Z kwa kalamu, ndogo kama punje za mtama. Nikapaka lenzi ya simu kidole chenye mafuta ya chipsi, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikapiga picha mpaka herufi zote mbili zikawa madoa. Nikaona kitu. Hata doa lina umbo. Doa la Y ni zito juu, chini linakonda, kwa sababu mwenyewe anasimama kwa mguu mmoja. Doa la Z ni pana juu, na chini pana vilevile. Lina sakafu.

La kwenye mnada lilikuwa na sakafu.

Muuza viatu alikuwa ameiacha meza, amesimama nyuma yangu, anaangalia boksi lake limechorwa. Akaniambia, "Bwana Nzumba, mjini watu wanapata wazimu kwa mapenzi. Wewe umeupatia kwenye alfabeti."

Mimi naitwa Sadiki lakini kwenye mnada huwa simsadiki mtu. Siku ile nilisadiki doa. Nikaweka dau.

Hakuna aliyepandisha. Waliogopa zile namba zinazong'aa.

Mzigo ulikaa wiki kadhaa njiani, ukapita kwa wakala Dar, na leo asubuhi ukashushwa kwenye basi. Sikuufungua. Ningeufungua peke yangu, na ndani nikamkuta Y kwenye kona, nisingefika kwa Bi Tatu. Najijua. Ningepitiliza mpaka Kipalapala nikaombe kulima bustani ya seminari.

Nikaenda na boksi kichwani. Shikamoo Bi Tatu. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniambia fungua wewe, mimi sitaki lawama.

Nikafungua. Jicho likaenda kwenye kona.

Z. Amekaa chini kama mwenye nyumba.

Nilichomeka, nikaiambia kompyuta ifuate herufi za hii mpya, nikajisogeza pembeni. Bi Tatu akavaa miwani. Akaangalia ukutani, hakuangalia vidole, akapiga neno moja. Kwenye kioo likatokea: nyumba. Akapiga jingine: zawadi. Kisha akavuta droo, akatoa nakala ya ile barua ya yule mzee, akaipiga upya yote bila kupumzika. Kibanda kikalia kama bisi kwenye sufuria. Wale vijana wa printa ya rangi wakavuka barabara kuja kuona kuna nini.

Akaichapisha, akaisoma mpaka mwisho, akaigonga mezani kuinyoosha.

"Inanijibu, Sadiki," akasema. "Tena kwa adabu."

Bukene atakwenda sikukuu, kusalimia tu, halafu anarudi.

Hapo ningemaliza kuandika, nikalale na ushindi wangu. Lakini Bi Tatu aliongeza jambo, na ndilo hasa lililonifanya nishike simu kuandika. Alisema kibodi hii mbona anaijua. Ofisi aliyokuwa akifanya kazi zamani walikuwa nazo tele, za springi, nzito hivi hivi. Zilipokuja zile nyembamba, hizi zikarundikwa stoo.

Stoo ipo wapi? Ng'ambo ya reli. Kwa miguu, dakika kumi.

Mimi nimevusha bahari kitu kilichokuwa kinanisubiri ng'ambo ya reli. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tukaenda wote wawili. Mtunza stoo akatuonyesha mbili, chini ya mafaili, moja panya alikuwa ameifanya godoro. Alisema niandike barua ya kuziomba, utaratibu ni huo. Barua kaipiga Bi Tatu, nusu saa haikufika, na saa kumi jioni kibodi zilikuwa mezani kwangu. Nimezipanga hapa, nazitazama. Kumbe muda wote nilikuwa nimekaa upande wa wanunuzi, na mali iko upande wetu.

Basi sikia, wewe unayesoma, uwe Urambo, Bukene, Kaliua au popote reli inapopita. Ingia stoo ya kazini kwenu, ya shuleni, ya shirika, kwa ruhusa ya mwenyewe, sitaki kesi. Tafuta kibodi nzito, ukiibonyeza inasema kaa. Usiioshe. Itoe juani, nipigie picha mbili, ya juu na ya mgongoni, na waya usilale juu ya herufi. Nikiona inafaa, ofisi nailetea kibodi mpya bure, ile nzee naipandisha mnadani, na wewe utafuata dau kwenye simu yako mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Faida tunakata katikati, nakwambia wazi kwamba na mimi nakula. Isipopata mtu, hasara yangu, na kibodi mpya haidaiwi.

Wewe lete picha, mimi nilete macho. Tumepatana?